Mwiko wa Nabintu

Jumamosi, 1 Julai

Mtoto anafika kesho. Hervé amekipaka rangi chumba changu cha kushonea, cherehani imehamia kwenye korido, na kila nikipita naigonga kwa goti. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kumwona mume wangu ameshika brashi ya rangi.

Parokia inawaleta watoto yatima wanane kutoka Bukavu pamoja na Soeur Rolande, na kila mmoja atakaa na familia hapa Brussels hadi mwisho wa Agosti. Wa kwetu ni binti wa marehemu binamu yake Hervé. Wazazi wake walikufa pamoja katika ajali ya barabara ya Uvira, akachukuliwa na Claudine, dada mkubwa wa Hervé. Ana miaka tisa. Namhurumia, sina roho ya jiwe. Sisi wenyewe hatujajaliwa mtoto, na nilipoambiwa anakuja nilikwenda kununua shuka zenye vipepeo.

Ila anaitwa Nabintu. Mama mkwe wangu, aliyefariki mwaka jana, alikuwa Nabintu, na mtoto amepewa jina lake. Kwa akina Hervé, mwenye jina la mama yako ni mama yako, hata kama meno yake ya mbele hayajamaliza kuota. Leo jioni nimemsikia anamwambia Claudine kwenye simu, "Maman atalala mu chumba ya mwanga mingi." Nikadhani kachanganyikiwa. Kumbe anamsema mtoto.

Jumapili, 2 Julai

Kafika. Mwembamba, macho makubwa, sweta la mtu mwingine. Uwanja wa ndege Hervé alimwinamia na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Jambo, maman. Umefika muzuri?"

"Jambo, mutoto wangu," katoto kakajibu bila hata kutabasamu.

Soeur Rolande akacheka, watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa adabu.

Nyumbani nilikuwa nimepika kuku na ugali. Firigisi nikaiweka kwenye sahani ya Hervé, mahali ambapo firigisi huwa. Akaichukua kwa vidole vyake akaiweka kwenye sahani ya mtoto. "Maman, kamata." Kisha Nabintu akamega tonge moja la ugali, akalitafuna muda mrefu, akalimeza kwa shida, akatia mkono kwenye bakuli la maji. Akanawa. Tonge moja tu, basi.

Nikainuka nikaenda jikoni kusimama. Niiandike ili initoke: mama mkwe wangu alinifanyia hivyohivyo. Nilikwenda Bukavu baada ya harusi nikampikia ugali wa sembe, mweupe na mgumu, kama tunavyopika kwetu Iringa. Kwao ugali ni laini, una unga wa muhogo, unateleza. Alikula tonge moja, akanawa, akaomba chai. Na katika ukoo ule, mama mkwe akila ugali wako akaumaliza, anakupa mwiko mbele ya watu, na tangu siku hiyo wewe ni mwanamke wa nyumba ile. Wake wa ndugu zake Hervé wote walipewa. Mimi sikupewa. Mpaka anakufa alikuwa ananiita "ule mugeni ya Hervé".

Jumatatu, 3 Julai

Natoa nguo za mtoto sandukuni, nakutana na mwiko. Umefungwa kwa kipande cha kitenge. Ukingo mmoja umeungua, na nilipouona nikaujua: ni ule mwenyewe, aliokuwa akisongea mama mkwe. Kabla sijaugeuza Nabintu alifunika sanduku, nusura anibane vidole.

"Hii hapana gusa, Maman Clementina. Ni yangu."

Kwa hiyo hata mwiko umenipita mlangoni ukaenda kwa mtoto wa miaka tisa. Nilimuuliza Hervé. Akasema, "Mi sijue. Byo ni mambo ya banamuke," akavaa koti lake la kazi akaenda kuendesha basi lake. Sitauliza tena. Wakitaka kuniambia wataniambia.

Jumatano, 5 Julai

Mvua kutwa. Ugali: matonge mawili, na glasi nzima ya maji juu yake, kama anameza dawa.

Jumamosi, 8 Julai

Shule tulizifunga jana, na jiko la shule ninakofanya kazi halifunguliwi hadi mwisho wa Agosti. Yaani kiangazi chote niko na mama mkwe.

Leo tumekwenda Chaussée de Wavre, sisi watatu, dukani kwa Maman Lucienne. Anauza vitenge upande mmoja na vyakula upande mwingine, na maneno pande zote.

"Njo huyu maman yako?" akamuuliza Hervé.

"Njo yeye."

"Ee! Unamufanana!" Akampa mtoto andazi la bure. Kisha akanigeukia. "Alors, Maman Clementina, mama mukwe amekuya kuangalia kama unapikaka muzuri?"

Duka zima likacheka. Hervé akateremsha kitenge kutoka rafu ya juu, kile kizuri chenye ndege wa bluu, akakiweka mabegani kwa Nabintu. Yadi sita. Mtoto angeweza kujifunika, kujitandikia na bado akabakiza pazia.

"Na cha mke?" nikauliza.

"Weye uko na bingi!" akasema huku anacheka.

Ninavyo vingi, ni kweli. Vyote nimejinunulia mwenyewe.

Nilichukua sembe yangu. Unga wa muhogo ulikuwa hapo hapo, rafu ileile, niliuona. Lakini nyumba ni yangu na unga ni wangu, na Hervé ameula miaka kumi na moja hajafa.

Alhamisi, 13 Julai

Joto. Nilikuwa nimesimama kituoni Porte de Namur na mifuko mikononi, basi la Hervé likapita upande wa pili wa barabara. Nyuma yake tu, kwenye kiti cha kwanza, Nabintu amekaa na kitenge chake cha ndege, anapunga mkono kwa watu wasiomjua. Mimi hajawahi kuniambia, Clementina, panda leo uone njia yangu.

Jumamosi, 15 Julai

Atieno amekuja kunywa chai. Rafiki yangu huyu wa Kisumu hana breki mdomoni.

"Kwa hivyo unaona wivu kwa mtoto wa standard three?"

"Sioni wivu."

"Clementina, umehesabu matonge. Umeniambia wiki nzima amekula matonge mangapi kila siku. Mtu asiye na wivu hahesabu."

Nilimwambia anywe chai yake. Aliondoka akicheka hadi kwenye lifti. Basi na iandikwe: naona wivu. Naona wivu hadi usingizi unakuwa mwepesi. Hervé akiingia nyumbani, salamu ya kwanza ni "Maman ako wapi?" Zamani aliyetafutwa ni mimi.

Jumatatu, 17 Julai

Matonge manne. Maji glasi mbili. Njaa inamfundisha adabu.

Ijumaa, 21 Julai

Sikukuu ya taifa. Hervé alikuwa kazini. Ndege za jeshi zilipita juu ya mji kwa gwaride, chini kabisa, vioo vikatetemeka. Nilikuwa nakata vitunguu. Nabintu alitoka chumbani mbio akaja kunikumbatia kiunoni, uso ndani ya khanga yangu, anatetemeka mwili mzima. Nilikaa naye sakafuni palepale, mikono yangu inanuka vitunguu, nikamwambia ni sherehe tu, ni wazungu wanacheza na ndege zao. Kichwa chake kilikuwa cha moto. Alibaki pale hata baada ya ndege kuisha, na sikumwondoa. Sitasema uongo, nilijisikia mtu mwenye nyumba.

Kisha mlango ukafunguka, Hervé huyo. Nabintu akaniachia papo hapo, akajinyoosha, akaweka nguo yake sawa, akamuuliza habari za kazi. "Jambo, mutoto wangu. Umetumika muzuri?" Kama vile sikuwapo.

Nimekasirika leo kuliko siku zote.

Jumanne, 25 Julai

Nimemsuka. Nywele nyingi, ngumu, nzuri. Aliimba kwa sauti ya chini muda wote, na nilipomaliza akajitazama kwenye kioo akasema, "Asante, mukamwana." Yaani mke wa mwanawe. Sikujua nicheke au nimfinye.

Jumamosi, 29 Julai

Mvua. Kuku. Firigisi kwake.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimemkuta peke yake jikoni, amesimama mbele ya sufuria ya kiporo. Anamega ugali wa jana, uliopoa na kukakamaa, anafumba macho, anameza, anakunja uso. Aliponiona akafunika sufuria upesi.

"Unafanya nini?"

"Hapana kitu."

Nilidhani ananikebehi, anajionyesha mwenyewe jinsi ugali wangu ulivyo mbaya. Nikamwambia jikoni si mahali pa kuchezea. Akaenda zake chumbani. Baadaye nilisikia anafungua sanduku, anaufungua mwiko, anaufunga tena. Hufanya hivyo kila siku. Nasimama korido karibu na cherehani nasikiliza, mtu mzima mimi.

Jumapili, 6 Agosti

Hervé kamwomba Nabintu ruhusa ya kwenda kuangalia mpira kwa rafiki yake. Kamwomba ruhusa! Mimi huwa naambiwa akiwa tayari kavaa viatu.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimeota nimepewa mwiko. Nikaamka nikafua mapazia.

Jumanne, 15 Agosti

Imetokea. Niandike yote.

Ni sikukuu ya Bikira Maria. Baada ya misa walikuja Tonton Bertin, mkubwa wa ukoo wa Hervé kwa watu wa hapa, na mkewe Maman Keren. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi: kuku, samaki, sombe, yaani kisamvu cha kwao, kwa heshima yao, wali, na maji ya ugali yalikuwa yanachemka. Tonton Bertin alimkalisha Nabintu kwenye kiti kikubwa, akamsalimia kwa jina la mama, akamuuliza habari za nyumbani moja moja, naye anajibu kwa utulivu, kitenge cha ndege kimeenea mapajani.

Kisha mzee akamuuliza, mimi nimesimama pale na trei ya glasi, "Bon. Na huyu mukamwana wako, maman, anakutunzaka muzuri? Anafaa?"

Nabintu alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Bado naangalia."

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Maman Keren alishika mbavu. Hervé alikuwa anafuta machozi, na hicho ndicho kilichonikata. Mume wangu analia kwa kicheko kwa sababu bado naangaliwa. Miaka kumi na moja bado naangaliwa.

Nilikwenda chumbani kwa mtoto, nikafungua sanduku, nikafungua kitenge, nikauchukua mwiko. Nikarudi jikoni nikatia sembe na kusonga. Niseme ukweli, ule mwiko unasonga vizuri, unakaa mkononi kama umekuzoea. Nilisonga huku nalia na ugali ukatoka mgumu sawasawa. Nikaingia sebuleni na sahani ya ugali mkono mmoja na mwiko mkono wa pili.

"Haya, mama mkwe," nikasema. "Mwiko huu sasa ni wangu. Nimechoka kungoja."

Tonton Bertin aliweka glasi chini. Hervé alinyanyuka nusu, akabaki hivyohivyo. Nabintu alishuka kutoka kwenye kiti chake, akaja, akautoa mwiko mkononi mwangu, una ugali umeganda. Akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ya ndege. Alilia mdomo wazi, kama mtoto, maana ndivyo alivyo.

"Juu ya nini umeikamata? Mi ningekupa!"

"Ungenipa?"

"Tantine Claudine alinituma. Alisema miye njo niko na jina, donc miye njo naweza. Siku ya kurudia utapika, nitakula, nitamaliza yote bila maji, njo nikupe mbele ya bantu. Kama simalizi, haina maana. Alisema nisikuambie." Akagusa koo lake. "Lakini bugali yako iko nguvu, Maman Clementina. Inanikwamaka hapa. Nilikuwa najifunza."

Nilikuwa najifunza. Ndipo nilipoyaona yote: yale maji, yale matonge yanayoongezeka, kile kiporo alichokuwa anakimeza peke yake macho yamefumba. Kiangazi chote mtoto alikuwa anajifunza kula ugali wangu ili anipe kile nilichokuwa nakililia, na mimi nilikuwa namhesabia kwa chuki. Nilitamani sakafu inichukue.

"Basi nipe sasa," nikasema. Upumbavu hauishi siku moja.

Akatikisa kichwa. "Siwezi kukupa kitu umeisha kamata."

Nilimgeukia Tonton Bertin. Alikuwa ananionea huruma, na hilo ni baya kuliko kugombezwa. "Mutoto anasema kweli," akasema. "Mwiko banakupatia. Haujikamatie weye mwenyewe."

Walikula wali. Ugali ulipoa mezani, hakuna aliyeugusa.

Alhamisi, 17 Agosti

Hatuzungumzi sana. Nabintu ameuosha mwiko, ameukausha dirishani, ameurudisha sandukuni. Jana Hervé aliketi nami jikoni.

"Ulikuwa na wivu ya mutoto?"

"Ya mama yako. Na ya mtoto. Na yako."

Akasema, "Tangu maman alikufa, sikuwa na muntu ya kuita maman. Nilisikia muzuri kuisema tena. Njo vile tu, Clementina. Haiko juu ya kukupunguza."

Nilimmiminia chai. Baadaye aliniambia kesho nipande basi lake, nikae kiti cha kwanza. Leo nilikaa na Nabintu pale, tumebanana, hatusemeshani, na tulipofika Porte de Namur tukapunga mkono wote wawili.

Jumatatu, 21 Agosti

Matonge sita. Nilisogeza jagi la maji karibu naye, akalisukuma mbali.

Jumamosi, 26 Agosti

Chakula cha mwisho. Asubuhi nilikwenda kwa Maman Lucienne nikanunua unga wa muhogo. Aliutazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Jioni Nabintu aliingia jikoni akaona mfuko.

"Hapana," akasema. "Pika yako."

"Hii ni laini, mama. Haitakukwama."

"Pika yako. Ile ya kwenu."

Nikapika yangu, kwa mwiko wangu wa kununua. Alikula polepole. Hervé alimaliza, mimi nikamaliza, yeye bado anakula, jasho linamtoka puani, jagi la maji liko mezani na hakuligusa. Alimaliza tonge la mwisho akageuza sahani tuone. Kisha akachukua firigisi ambayo Hervé alikuwa amemwekea, akaing'ata nusu, nusu nyingine akaiweka kwenye sahani yangu. Sijawahi kula firigisi katika nyumba hii. Niliila nikiwa siwezi kuinua uso.

Nilidhani sasa. Nilingoja. Aliinuka akaenda kufunga sanduku, nami nikamfuata hadi mlangoni. Mwiko ulikuwa juu ya nguo, ndani ya kitenge chake.

"Inarudia na miye," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Utakuya ku kwangu, Bukavu. Utapika, nitakula, bantu bote banaona, nitakupa. Sasa nimeisha kujua kumaliza."

Jumapili, 27 Agosti

Uwanja wa ndege. Hervé alimwinamia kama siku ya kwanza. "Safari ya muzuri, maman." Mimi nilimfunga kifungo cha sweta, nililomnunulia mimi, linamtosha. Akanikumbatia kiunoni. Halafu akampa mkono Soeur Rolande wakaenda, na Soeur Rolande akamnong'oneza kitu, mtoto akacheka. Nikamwonea wivu yule sista. Hata hamjui. Hajui kwamba mtoto analala na taa ya korido ikiwaka.

Jumamosi, 2 Septemba

Shule zimefunguliwa, sufuria kubwa zimerudi. Hervé aliuliza kama arudishe cherehani chumbani. Nikamwambia inakaa vizuri pale ilipo.

Jumamosi, 9 Septemba

Amepiga simu ya video. Amekonda au ni simu tu, sijui. Ana nywele mpya, kasukwa na mtu mwingine, mistari imepinda. Nyuma yake naona jiko, na mtu amegeuka mgongo anasonga.

"Nani huyo?"

"Ni tantine Claudine."

"Anasonga na mwiko gani?"

"Maman Clementina!"

"Nionyeshe. Geuza simu."

Akacheka mpaka picha ikatikisika. "Haiko ile. Ile niko nayo chini ya kitanda. Hakuna muntu anaigusa, hata tantine."

"Hata tantine?"

"Hata yeye. Anauliza, nakatala."

Tulipomaliza nilimkuta Hervé amesimama nyuma yangu, amesikia yote, anajizuia kucheka. Nikamwambia aombe likizo ya Desemba mapema, kabla madereva wenzake hawajaomba. Akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia Bukavu. Akaniuliza kufanya nini.

"Kupika," nikasema.